Injini Nimeifunga, Kadzo

Shoga yangu Kadzo,

Jana nimeifunga injini kwenye ile ndege yako ya rimoti, na nusura nimuumize mama yako. Sina mwingine wa kumwambia.

Tangu tukuzike, ndege ilikuwa juu ya kabati chumbani mwako, imetolewa injini, vile vile ulivyoiacha ulipoanza kuumwa. Sikuthubutu kuigusa. Unanijua. Mimi ni fundi cherehani, nala kwa vidole hivi, na tangu siku ile propela ilipokuchapa, ukaja kwangu mkono umefungwa kitambaa chenye damu huku unacheka, naiogopa kama nyoka. Ulikuwa ukiniambia, "Mwanaisha, wewe shika mkia tu, mengine niachie mimi." Sasa nimwachie nani?

Mama yako ndiye aliyeniita. Yule yule aliyekuwa akikufokea, "Kadzo, zima hilo, watu wana vichwa!" Nilimkuta kaishusha ndege, kaiweka mezani. Akasema, "Mwanangu, nyumba imekuwa kimya mno. Niwashie niisikie."

Ningemkatalia vipi?

Nikaikalisha injini kwenye ubao wa pua. Nikaona imeelekea kulia kidogo, nikaingiwa na hofu kwamba nimekosea. Nikaifungua, nikaifunga tena, ikawa vile vile. Ndipo nikakumbuka uliniambia huelekezwa hivyo makusudi, ukiinyoosha injini, ndege itajivuta kushoto. Nikatia gundi kwenye bolti zisilegee, nikazikaza, nikaitikisa, nikazikaza tena. Niliwaza iking'oka ikituruka usoni.

Alasiri tukaitoa uani. Nilimwambia Mama akae mlango wa jikoni. Nikaizungusha propela kwa kijiti mpaka injini ikawaka. Nikarudi nyuma upesi, nikaukumbatia mkia kwa mikono miwili. Rimoti ya kuizimia niliiacha chini, mbali nami, na huo ndio uliokuwa ujinga wangu.

Nainua macho, namwona Mama anakuja moja kwa moja mbele ya ndege, kanyoosha mikono kama anayekwenda kumpokea mtu, ncha ya leso yake inapepea. Propela ikizunguka haionekani, Kadzo. Yeye aliona pua tupu.

"Mama, rudi! Rudi nyuma!"

Hasikii. Nikiiachia ndege, inamwendea. Rimoti siifikii. Nikailalia ndege kwa kifua, nikapeleka mkono kule mbele kwenye kelele, nikaubana mpira unaopitisha mafuta kama nilivyokuona ukifanya. Haikuzima papo hapo. Nikapiga shahada, wallahi, nikijua ni vidole vyangu au ni yeye. Ikakohoa... ikanyamaza. Ncha ya leso ikaangukia juu ya propela iliyokwisha kusimama.

Mama akashangaa. "Mbona umeizima? Ndiyo kwanza naisikia."

Nilimwonyesha kwa kidole. Akaitazama leso, akaitazama propela, akaketi pale pale mchangani. Tukalia sote wawili, kwa mara ya kwanza pamoja tangu mazishi. Kisha akaikaza leso kiunoni, akasema, "Nitakaa mlangoni, wala sinyanyuki. Washa tena."

Kadzo, sikutaka. Lakini niliwasha, safari hii rimoti iko pembeni ya mguu wangu. Mama alikaa kizingitini, kafumba macho, mpaka mafuta yakaisha yenyewe. Bolti zote zimeshika.

Bado naogopa. Nikifumba macho naiona leso ile. Kuirusha sijairusha, na sitairusha mpaka nipate wa kunifundisha. Ila nakuahidi nitajifunza. Siku hiyo nitampeleka Mama uwanjani, nimkalishe mbali, aione ikipaa. Na hata nikishindwa kuirusha, kila Jumapili nitakuja kula naye, asikae peke yake na ule ukimya.

Pumzika, shoga yangu. Mama yako ninaye.

Wako,
Mwanaisha