Njia Uliyoiacha Uani

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Mpunga wa nyuma ya nyumba umekwisha, Baba. Pale nilipokuwa nikifukuza ndege nawe ukipalilia, sasa ni viwanja. Ifakara inakua, wanasema. Inakua kweli, lakini kila mtu anajenga mpaka mwisho wa kiwanja chake, na njia hakuna anayeikumbuka. Kliniki ilikuwa hapo ng'ambo ya majaruba tu. Sasa naizungukia kwa barabara kubwa, mwanangu Neema mgongoni, na masika tope linanivua kandambili.

Imebaki njia yako, inayokatiza uani kwetu kwenda kanisani. Unakumbuka watu walivyokuwa wakitukuta mkekani?

"Wenyewe mnakula tu!"

"Nawa mikono, acha maneno," unawajibu.

Mama akinung'unika kwamba unalisha barabara. Wewe unacheka, unamkatia kambale yule mama wa Kisukuma aliyekuwa akipitisha maziwa.

Halafu siku ya kukuzika, tukakuta jirani wa nyuma ameshajenga ukuta, kaziba njia. Jeneza lako likapitishwa juu yake, wanaume wengine huku, wengine kule, wanapokezana kama gunia. Wewe uliyepitisha kila mtu, Baba, ukakosa pa kupita. Kesho yake jirani alibomoa pale mwenyewe, bila kuambiwa. Hadi leo akiniona anaangalia chini.

Sasa Baba Neema kaleta tofali. Anataka kuzungushia ukuta, na simlaumu, maana wiki iliyopita tuliibiwa sufuria.

"Mke wangu, huu ni uani au stendi?"

"Jenga," nikamwambia. "Ila njia ya Baba haizibwi."

"Na mwizi je?"

"Mwizi hakupita njiani, aliruka ukuta wa jirani kuja huku. Ukuta haujamzuia."

Akawasha redio. Nimechoka, Baba, mtoto anaota meno na silali, lakini kwa hili sikurudi nyuma. Asubuhi akasema tu, "Basi mwelekeze fundi mwenyewe."

Fundi kaja na kamba yake, akauliza uwazi uwe na upana gani. Nikamwambia, waenee wanaume wawili wakitembea sambamba, na jeneza katikati yao.

Akapima, akafunga kamba.

Pumzika, Baba. Naenda kusonga ugali, kuna watu watapita.

Mwanao,
Mama Neema