Nusu Saa Niliyoidokoa

Bandung, 14 Agosti

Kwako Dada Kinasih,

Salamu zangu zikukute salama hapo Tegal, wewe na mama yako. Natumaini kifua chake kimepata nafuu, na kwamba karakana ya kaka yako haikuchoshi sana. Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Barua hii nimeianza mara nne. Kila nikifika hapa nainuka, nafagia chumba nilichokwisha kukifagia, narudi.

Maabara ipo. Pampu ya lile pipa letu la kupakia utando imebadilishwa, haikoromi tena. Mzee Hardoyo bado anatuambia kuwa chuma kina kisirani, ukikipaka na uchafu wake kitakuvua nguo mbele za watu. Nafasi yako nilipewa mimi. Kiti chako nakikalia ukingoni.

Wale watu wa kiwanda cha mawese wamerudi. Skrubu zao za kukamulia zinaliwa na mchanga, hazimalizi miezi mitatu, kwa hiyo wanautaka tena ule utando wetu, wa chembe za titani zilizoshikwa na silikoni kama kokoto ndani ya saruji. Walipoingia mlangoni niligeukia ukutani.

Februari hujaisahau. Ncha ya almasi ilishuka juu ya sahani yetu ya chuma mbele ya wageni sita, ikakwaruza kidogo tu, utando ukabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Mzee akauliza nani aliziosha sahani. Ukasema ni wewe, na kwamba uliziosha vizuri. Suprapti akatania kuwa labda ulitoka kukaanga tempe ukaja na mafuta mikononi, watu wakacheka. Mimi nilikuwa ubavuni mwako, nikatazama viatu vyangu. Wiki haikuisha ukaondoka na boksi lako.

Tangu hapo sijapata raha. Nazunguka mashine bila kazi, naosha mikono isiyo na kitu. Hata Bayu, mchumba wangu, aliniuliza kama ni yeye nimemchoka.

Jumatatu iliyopita nilichukua sahani mbili. Nikaziosha zote jinsi ulivyonifundisha: sabuni, asetoni, spiriti, kisha kuzikausha bila kuzigusa kwa kidole. Ya kwanza nikaiacha kwenye ile gesi inayong'aa zambarau ndani ya pipa dakika arobaini, ichubuliwe kutu yote ya mwisho. Ya pili nikaipa dakika kumi. Kisha nikazipaka utando ule ule, siku ile ile. Ya kwanza almasi iliilima hadi uzito wa mwisho na utando haukuachia. Nikaisugua kwa gololi mchana kutwa, ikabaki alama ya kuguswa kwa ukucha tu. Ya pili ilibanduka kabla uzito haujafika nusu. Vipande vyake nilivijua, ni vile vya Februari.

Nilivijua kwa sababu sahani za Februari nazo zilipata dakika kumi. Dada, niliyezikata dakika hizo ni mimi. Siku ya kuziweka kwenye gesi, ndugu zake Bayu walikuwa wanakuja kuniposa saa tisa, na mama alikwisha kunipigia simu mara tatu. Nikajiambia nusu saa nani ataijua. Kwenye daftari nikaandika arobaini. Wewe ulikuwa umetangulia kwetu, umevaa kebaya yako ya kijani, unapanga sinia. Mikono yako ndiyo iliyowapakulia wakwe zangu, na wiki tatu baadaye ikaitwa michafu, nami nikanyamaza.

Jumatano nilimpelekea Mzee sahani zote mbili, nikamwambia. Alizipapasa kwa kidole gumba muda mrefu.

"Kwa nini leo?" akauliza.

Nikamjibu kwamba siwezi tena kukaa kwenye kiti chako.

"Kiti hakina kosa, mwanangu. Kosa liko kwenye daftari." Akaziweka sahani mezani, akasema, "Na mimi sikuuliza mara ya pili."

Amenitoa kwenye mashine. Naosha sahani mpaka wakubwa wakae kikao, na huenda wakanifukuza. Bayu nimemwambia. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Akasema basi nisimweleze yeye zaidi mpaka nikueleze wewe.

Sitaki kukuomba radhi kwa karatasi. Nitakuja Tegal Jumapili ya mwisho wa mwezi, nisimame mlangoni. Usipofungua nitarudi.

Mzee amekwisha kuandika barua ya kukurudisha kazini, pamoja na maneno ya kukusafisha yatakayosomwa mbele ya wote. Nilimwomba aizuie siku tano ili hii yangu itangulie. Sikutaka uifurahie kabla hujajua ni nani aliyekutoa.

Mama msalimie, hata kama hutamwambia salamu zimetoka kwa nani.

Ni mimi,
Wuryani