Koti Zito la Mama Bahati

Jumamosi, jioni. Lodwar.

Jua la leo halikupumzika hata kidogo, na upepo wa mchana umetujazia vumbi mpaka ndani ya sufuria. Nimerudi kutoka Kakuma, nimeoga, sasa nimekaa mlangoni na simu mkononi. Mabega yananiuma kwa kubeba. Moyo sijui niseme ukoje. Umeshiba, lakini kuna mahali pamoja panachoma.

Wanaonifahamu wanajua nauza mitumba hapa sokoni. Kama umefika kwenye blogu hii leo kwa bahati tu, karibu, naitwa Akiru, na leo nataka kuandika juu ya makoti.

Makoti ya theluji.

Kila belo, yaani robota la mitumba, huwa nayo. Hata belo likiwa la mashati mepesi, ukifika chini kabisa unakuta koti moja limejificha, zito, lina kofia ya manyoya na ndani limejaa kama godoro. Limetoka nchi ambako mtu akipumua anatoa moshi mdomoni. Hapa kwetu ukiligusa tu unaanza kutokwa na jasho. Wateja hulivaa, wakapiga picha, wakacheka, wakanirudishia.

Zamani makoti hayo yalikuwa yanaishia kwenye laga, ule mto mkavu nyuma ya soko, pamoja na soksi zilizopoteza wenzao na nguo zilizochanika. Wengine walikuwa wanayachoma, na moshi wa nailoni unakukaa kooni mpaka kesho yake. Yasiyochomwa, mvua ikinyesha huko juu, maji yanakuja yanazoa kila kitu kwenda nacho mto Turkwel. Mbuzi mmoja wa mama mkwe wangu alikufa bila kuugua, na alipopasuliwa, tumboni mlikuwa na kitambaa kimejisokota kama kamba. Mama mkwe hakunilaumu. Alinionyesha tu.

Halafu nikakutana na Mama Bahati.

Nilikuwa nimepeleka nguo Kakuma kuuza mwisho wa mwezi. Akaja mama mmoja amefunga kitenge, Mkongo, fundi wa kushona anayeishi kwenye kambi ya wakimbizi na binti zake wawili. Aliyapita mablauzi yangu yote mazuri kama hayaoni, akaenda moja kwa moja kwenye rundo la makoti niliyoyatandika chini ili nguo nyingine zisishike vumbi. Akaligeuza moja nje ndani. Akavuta kitambaa cha ndani kuona kama kina nguvu. Akapandisha zipu na kuishusha mara nyingi, ameinamisha kichwa kama anasikiliza injini. Aliniuliza kama kuna watu wananunua hayo, nikamwambia ukweli kwamba hakuna. Akayachukua yote.

Niliporudi safari iliyofuata, nilikuta amenisubiri anionyeshe. Nje ya koti imekuwa mikoba ya shule, migumu, haipitishi maji. Kitambaa cha ndani kimekuwa blanketi za watoto wachanga. Pamba imekuwa mito. Zipu zimewekwa kwenye suruali za watu. Na kutoka koti moja lililokuwa limeungua mkono ameshona vizibao vya wachungaji, maana wanaume wanaotoka Kaaleng na mifugo wanajua baridi ya alfajiri, hata kama sisi wa mjini tunaisahau. Hakuna kilichobaki chini isipokuwa nyuzi, na hizo alizifagia akaziingiza ndani ya mto.

Tangu siku hiyo masalio ya belo hayaendi tena laga. Wenzangu sokoni wananiletea ya kwao, nayafunga kwenye magunia, nayapeleka Kakuma. Anapata kitu, sisi tunapata kitu. Lakini siwezi kusema naenda kwa sababu ya biashara tu. Nilipojifungua kitinda mimba wangu, alinitumia blanketi ya vipande vya rangi zote, na ndani ameshona kipande cha kitenge chake mwenyewe. Mimi humwita yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha yao ya kule. Yeye huniita mudogo yangu. Dada wa kuzaliwa sina. Nikisema hivyo, nadhani inatosha.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Jina lake limetoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo. Yeye na wasichana wanapelekwa Kanada.

Nilipiga vigelegele kwenye simu mpaka majirani wakachungulia. Halafu nikakata simu, nikakaa kwenye kigoda changu katikati ya nguo, na sikuweza kumhudumia mteja aliyesimama mbele yangu.

Kazi niliyoiona mbele yangu ilikuwa moja: kumtafutia koti. Miaka yote amekuwa akinisaidia kuyaondoa makoti hapa, na sasa anakwenda kule yanakotoka. Nikaenda kwa Mzee Abdi, Msomali anayetuuzia mabelo. Alikuwa na belo zima la makoti mazito ambalo hakuna aliyelitaka, linakaa stoo mpaka paka akaligeuza nyumba. Nilipomweleza natafuta koti la nani, alilikata kamba mwenyewe na kukaa pembeni kunitazama nikichagua. Kila niliposhika fupi alitikisa kichwa.

"Chukua linalofunika magoti, binti yangu," aliniambia. "Dada yangu yuko kule. Anasema baridi inaanzia magotini."

Nikapata moja la buluu iliyokolea, refu, halijachubuka popote. Mtu aliyelivaa kabla yetu alilitunza. Nililifua, nikalianika, likakauka kabla sijamaliza kunywa chai. Mzee Abdi alikataa malipo.

Halafu, juzi Alhamisi, simu nyingine. Safari imesimamishwa. Hawakuambiwa mpaka lini. Wameambiwa tu warudi nyumbani wangoje.

Na hapa niandike kitu ambacho sikumwambia mtu, hata mume wangu. Kabla ya kusikitika, nilifurahi.

Ilikuwa furaha ya haraka, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani kimepotea. Kisha nikasikia sauti yake kwenye simu, kavu, haina yale masihara yake, na nikajichukia. Yule ni mama aliyekimbia kwao na mtoto mgongoni. Mtoto huyo sasa ni msichana mrefu kuliko mama yake. Mimi nashukuru kwa sababu nitaendelea kupata mtu wa kunywa naye chai?

Leo asubuhi nilikuwa na koti mkononi na sikujua kama nilibebe. Kumpelekea koti la safari mtu ambaye safari yake imekufa ni kumchokoza. Kuliacha ni kumwambia nami nimekata tamaa. Nililibeba. Njia nzima nimelipakata kama mgonjwa.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kivuli cha mabati, mikono imelala mapajani. Sijawahi kumwona na mikono mitupu. Ndani, kwenye cherehani yake, alikaa Nyandeng, msichana wa Sudan Kusini ambaye yeye ndiye alimfundisha kushona. Mama Bahati alikuwa amemwachia cherehani akijua anaondoka. Nyandeng alinisalimia kwa aibu kama mtu aliyekamatwa. Aliniambia amejaribu kuirudisha tangu juzi na mama amekataa. Mama Bahati alisema kilichotolewa kimetolewa, na hakutaka kusikia zaidi.

Tulinywa chai. Tuliongea juu ya watoto, juu ya maji, juu ya kila kitu isipokuwa hicho. Bahati na mdogo wake walikuwa wanapita pita wakitazama mfuko wangu. Mwishowe yeye mwenyewe aliuvuta na kutoa koti.

Alisimama akalivaa, saa ya jua la utosini, akafunga zipu mpaka kidevuni na kuvuta kofia ya manyoya kichwani. Wasichana walianza kucheka, Nyandeng akafunika mdomo, na mimi nikacheka pia kwa sababu alionekana kama beberu aliyevimba. Hata yeye alicheka. Kisha kicheko kikaisha, akabaki amesimama hivyo, jasho linamtiririka, mikono ya koti imemeza vidole vyake vyote.

Akalivua. Akalilaza mezani, akapitisha kiganja juu yake kutoka begani mpaka kwenye pindo, kama nilivyomwona akifanya kwa mamia ya makoti.

Akamwomba Nyandeng mkasi.

Nilijua maana ya mkasi mkononi mwa Mama Bahati. Nje ni mikoba, ndani ni blanketi, pamba ni mito. Niliruka nikaushika mkono wake. Mimi, niliyefurahi Alhamisi.

"Usilikate, yaya," nilimwambia. "Utaenda. Nakuambia utaenda. Liweke."

Macho yake yalikuwa mekundu, lakini kwenye kona ya mdomo yale masihara yalikuwa yanarudi.

"Mudogo yangu, mikono iko mirefu," alisema. "Unataka nifike kule bazungu baniulize nimevaa ya nani?"

Akamwashiria Nyandeng aondoke kwenye kiti. Akakaa mbele ya cherehani, akakipapasa kiti kwanza kama mtu anayerudi nyumbani na kukuta wamehamisha vitu. Alifumua mikono, akaipima kwangu, maana anasema mikono yetu inalingana, akakata na kushona upya. Ukitazama huwezi kujua iliguswa. Nyandeng alishika upande wa pili wa kitambaa, kwa sababu koti lile ni zito kwa mtu mmoja. Na walipomaliza walikubaliana, bila mimi kuulizwa, kwamba cherehani itakuwa ya wote wawili: asubuhi ya mmoja, alasiri ya mwingine, mpaka habari ya safari itakapojulikana.

Vipande vilivyokatwa mikononi vilikuwa vidogo kama mikate ya mofa. Akavikunja, akavizungushia uzi, vikawa kofia mbili za watoto wachanga, laini kwa ndani. Moja imeshapelekwa kwa jirani aliyejifungua majuzi. Koti lenyewe limetundikwa ukutani juu ya kitanda, limefunikwa na shuka lisishike vumbi.

Aliponisindikiza mpaka barabarani, alinishika mkono muda wote. Karibu na gari alisema kwamba kungoja anakujua, amekufanya miaka mingi, lakini kungoja bila kazi ndiko alikokuwa hakujui.

Sasa giza linaingia na watoto wananiita ndani. Kesho kanisani, Jumatatu sokoni, na Mzee Abdi ameniambia nipite nichague mengine mawili kwa ajili ya wasichana.

Kabla sijafungua ukurasa huu nimesali. Nimemwomba Mungu Mama Bahati aende Kanada, nimeomba kwa moyo wote, bila kujificha.

Sikumtajia lini.