Ukuta wa Mawe Kando ya Ziwa

Ziwani, Nairobi
12 Machi 1978

Kwa shemeji Ndung'u,

Pokea salamu zetu. Sisi tuko wazima, ila mwanangu Wacera ana kikohozi kisichoisha. Mama huko anaendeleaje na miguu yake?

Shemeji, hii ni wiki ya tano simwoni mume wangu Chege. Kiwanda kilipomwachisha kazi, wewe ndiye uliyemwita akabebe mizigo ya watalii wanaopanda mlima, nami nikakubali kwa sababu ni ndugu yako wa tumbo moja. Ulipotuletea mkoba wake ulisema mlipandia upande wa Chogoria, mkafika ziwa la kwanza, akachoka, akageuka kurudi peke yake akiwa mzima, na wewe ukaendelea na mgeni wenu hadi kileleni. Ulisema ukungu ulikuwa mzito. Ukaondoka hata chai hukunywa.

Juzi nimeufungua ule mkoba. Ndani kuna sweta nililomfumia mwenyewe. Mtu anashukaje mlima ule kwenye ukungu bila sweta? Nieleze vizuri, maana polisi wananiambia ningoje tu.

Ni mimi shemeji yako,
Lydiah


Naro Moru
2 Aprili 1978

Mpendwa shemeji,

Barua nimeipata, na nimefurahi kusikia mko wazima. Mchemshie Wacera majani ya mkaratusi avute mvuke. Mama anatembea kidogo kidogo.

Kuhusu sweta, jua lilikuwa kali siku hiyo, akalivua, likabaki kwenye mkoba wake niliokuwa nimembebea. Lakini shemeji, kuna jambo sikutaka kukuambia. Chege alikuwa akimtaja mwanamke fulani wa Chogoria mwenye hoteli. Sisi wanaume unatujua. Usiende kumtafuta, utajiaibisha bure. Akichoka atarudi.

Wasalimie watoto.
Shemeji yako,
Ndung'u


Ziwani
19 Aprili 1978

Shemeji,

Hatujambo, Wacera amepona.

Mwanzoni ulikuwa ukungu, kwenye barua limekuwa jua kali. Sasa niambie siku hiyo ilikuwa ipi. Na huyo mwanamke anaitwa nani? Chege hakuwahi kunificha hata senti ya mkate. Lakini usiku silali, namtukana moyoni, na watoto wakiniuliza nawajibu kwa hasira. Nijibu haraka.

Shemeji yako,
Lydiah


Chogoria
6 Agosti 1978

Ndung'u,

Natumai u mzima. Miezi mitatu hukunijibu, nikaja mwenyewe.

Nilizunguka hoteli zote za hapa. Hakuna anayemjua Chege. Kwenye lango la mbuga, askari alinionyesha kitabu: jina lake limeandikwa kuingia, kutoka hakuna. Mpagazi mmoja mtu mzima, Phares, akaniambia, "Mama, kama hakutoka, basi yuko juu. Nitakupeleka."

Tulipita mianzi siku nzima, na kesho yake tukafika ziwa lako la kwanza. Liko kwenye tambarare, njia ya kushuka inaonekana hata na mtoto. Nilikaa hapo nikajiuliza mtu mzima angepoteaje. Tukaendelea. Ziwa la pili liko chini ndani ya bonde, jeusi, majabali yamelizunguka. Kichwa kilinigonga, nikatapika, Phares akanishika mkono hadi tukapanda juu ya jabali. Huko kuna maziwa madogo madogo, yana barafu ukingoni.

Ndiko aliko, Ndung'u. Chini ya mwamba, kando ya maji. Baridi imemhifadhi, nilimtambua kwa uso. Amejenga ukuta wa mawe mbele yake hadi kifuani ili kuzuia upepo, na upande mmoja ameacha wazi, unaotazama njia ya kileleni. Askari wa mbuga wamemshusha jana.

Phares aliyatazama yale mawe na ule upande ulio wazi, akasema, "Mtu aliyepotea hutembea. Huyu aliambiwa akae."

Nani alimwambia akae?

Lydiah


Naro Moru
11 Agosti 1978

Shemeji,

Sijui nikusalimu vipi.

Ni mimi. Hakurudi kutoka ziwa la kwanza. Tulifika naye hadi juu ya jabali, akaanza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka. Mgeni alikuwa anataka kilele, aliogopa mawingu. Chege alinisukumia mkoba akasema, "Nipunguzie mzigo, nenda, nitapumzika." Nikamwambia, "Kaa hapa usiondoke, nitarudi kabla ya saa kumi." Sweta lilikuwa ndani, sikukumbuka.

Kileleni theluji ilianza. Mgeni akakataa kurudi njia ile, tukashukia upande wa huku. Kesho yake nilisimama chini ya mlima ukiwa mweupe kwa theluji, nikaogopa kupanda. Nikajiambia ameshuka mwenyewe. Kila siku iliyopita ikawa vigumu zaidi kusema. Mwanamke wa hoteli hayupo, nilimbuni ili usije kutafuta.

Mama bado hajui.

Ndung'u


Ziwani
15 Agosti 1978

Ndung'u,

Tunamzika Jumamosi, hapo kwenu, kando ya baba yake. Mama mwambie wewe, kabla hatujafika na jeneza. Mimi sitamwambia.

Watoto niliwaambia baba yao ametutoroka kwa mwanamke mwingine. Wacera amechana picha yake. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, na siwezi kuyaondoa peke yangu.

Kwa hiyo utakuja hapa Ijumaa. Utawakalisha watoto mezani, uwatazame machoni, na uwaambie baba yao alikaa pale kwa sababu aliamini ndugu yake anarudi.

Lydiah