Kigelegele Nilichokimeza

Kinondoni,
Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua Issa ameisoma mbio mbio kama anafukuzwa na nyuki. Issa mdogo wangu, msomee mama polepole, na usiruke kitu. Nikija nitamuuliza, na nikikuta amesikia nusu nusu utanitambua.

Mama, goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mama mdogo wa Mbagala aitume kwa basi, imefika au imeishia Rufiji? Na Somoe mwanangu, bado anamkimbia mwalimu? Mie mzima, nimenenepa mpaka gauni la Idi limegoma kufunga. Ila nina jambo moja la furaha, nikiendelea kulikalia peke yangu nitapasuka. Vuta mkeka ukae vizuri.

Kazi ni ileile, kwa Baba Neema, yule bwana aliyerudi kutoka masomoni Ulaya na binti yake. Mkewe yuko kulekule bado, anamalizia masomo yake. Huyo Neema ni msichana wa kuanza kuvunja ungo hivi, na alipofika alikuwa haongei na mtu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, wenzake shuleni wakimcheka, basi akirudi anajifungia chumbani na wanyama wake wawili aliokuja nao kwenye ndege. Ndiyo mama, kwenye ndege. Wewe hujapanda, mie sijapanda, wao wamepanda.

Wanaitwa chinchila. Umbo la sungura mdogo, masikio ya panya, mkia wa kindi. Issa, najua unachowaza, rudisha sufuria jikoni, hawa si kitoweo! Manyoya yao ni laini, ukigusa hujui kama umegusa. Neema aliwapa majina ya Kizungu, ulimi wangu ukakataa katakata, kwa hiyo mie nawaita Pamba na Moshi. Na maji hawaogi, mama. Wanaoga vumbi! Unawawekea vumbi laini kwenye bakuli, wanajigaragaza humo, wanatoka wanang'aa. Nikasema hawa wangezaliwa kwetu Newala, tunakoteremka bondeni kufuata ndoo moja ya maji, wangekuwa watu wa maana sana.

Tatizo ni joto. Kwao ni milimani, kwenye baridi, na joto la Dar linaweza kuwaua. Chumbani kwa Neema kuna kiyoyozi, lakini umeme wa siku hizi ni wa mgao, unakatika mchana kweupe bila kuaga. Ukikatika, inabidi wanyama wapelekwe upesi stoo, nyuma ya jiko, kwenye sakafu ya saruji ambako jua haliingii. Na kuwakamata ndiyo balaa yenyewe. Mara ya kwanza nilimrukia Moshi kama ninavyokamata kuku. Akachomoka, akaniachia manyoya mkononi, gao zima! Nikapiga ukelele, nikidhani nimemchunia mtoto wa watu mnyama wake. Kumbe ndivyo walivyo, ukiwabana wanakuachia manyoya wanakwenda zao. Lakini Neema alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

Baba Neema akaja, akaona sakafu ilivyojaa manyoya, akasema kwa upole kabisa, na upole wake ndio uliotuumiza: "Dada Zai, haya ni mateso. Joto kali likianza kabla hamjapata njia ya kuwahamisha bila kuwakamata, nitawapeleka kwa rafiki yangu Lushoto. Kule kuna baridi, wataishi." Neema usiku ule hakula. Nilimpelekea hata chapati, akaisukuma. Moyo uliniuma mama, maana nilimwona Somoe wangu pale, na kama wangeondoka wale wawili sijui yule mtoto angebaki na nani wa kuongea naye.

Kesho yake Neema akaja jikoni na kidude kidogo cha plastiki, ndani kina ulimi wa bati. Ukikibonyeza kinalia tak! Akanieleza kwa mikono na maneno mawili matatu. Unaweka kisanduku cha kubebea mbele yao. Mnyama akisogea unakotaka, unabonyeza tak, halafu papo hapo unampa kijipande cha zabibu kavu, kidogo kama ukucha. Basi anajua hapo nimepatia. Akikosea humgombezi, humsukumi, humwiti. Unanyamaza.

"Dada Zai, hapana sema," akaniambia.

"Nisiseme nini?"

"Hapana sema kitu."

Mama, mie! Mie mwanao, niliyefukuzwa madrasa kwa kuropoka, nikae kimya mbele ya sungura-panya! Lakini nilikaa. Kila siku baada ya magharibi, wanapoamka na kuanza kurukaruka, tunaketi sakafuni mimi na Neema, kisanduku katikati, tumefunga midomo. Nilipomsimulia mama mdogo siku nilipokwenda Mbagala, alishika kiuno akaniuliza, "Zainabu, Dar yote hii, umekuja kufundisha panya?" Nikamwambia mama mdogo, panya ndiye anayenifundisha mie.

Sasa sikia nilivyoharibu. Jioni moja Pamba akasogea, akanusa, akaweka miguu ya mbele ndani ya kisanduku. Neema akabonyeza tak. Mie furaha ikanipanda, nikasahau niko wapi, nikaachia kigelegele! Kile chetu cha unyagoni, cha kufika kijiji cha pili! Weee! Pamba aliruka juu mpaka akagonga rafu ya vitabu. Moshi akaingia nyuma ya kabati akakojoa. Ikawa siku nyingi hawasogelei kisanduku, na wakiniona mie tu wanakita miguu.

Neema alinitazama ametoa macho. "Wewe umeumwa?"

"Kuumwa wapi! Nimeshangilia. Hukuwahi kusikia kigelegele?"

Hakuwahi, maskini. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala chini. Mama, tangu aje nchi hii sikuwa nimesikia kicheko chake. Halafu akadai nimfundishe. Tukatoka uani, chini ya kamba ya nguo, nikamwonyesha ulimi unavyochezeshwa. Mwanzoni alitoa sauti ya mbuzi. Akipatia kidogo, nabonyeza kidude tak, nampa zabibu. Akipatia sentensi nzima ya Kiswahili, tak, zabibu. Naye akalipiza: siku nilipoweza kukaa jioni nzima bila kufungua mdomo, akanibonyezea tak na kunilisha zabibu kama mtoto mchanga. Huku Pamba na Moshi nao wakarudi taratibu, unyayo kwa unyayo. Wakawa wajuzi mpaka muuza kahawa akipita barabarani anagonganisha vikombe vyake, Pamba anasimama kwa miguu miwili akingoja zabibu yake.

Joto nalo likaja. Jumamosi iliyopita, mchana, Baba Neema yuko nyumbani, umeme ukakatika. Kiyoyozi kikakohoa kikanyamaza. Tukatazamana. Baba Neema akasimama mlangoni, amekunja mikono, akasema, "Haya, tuone."

Mchana, mama! Saa zao za kulala! Neema akaketi, akaweka kisanduku. Pamba akaamka, akajinyoosha, akaingia moja kwa moja. Tak. Moshi akatoka, akanusa, akarudi alikotoka. Jasho linatutiririka. Masikio ya Moshi yameanza kuwa mekundu, na hiyo ndiyo dalili kwamba joto linamshika. Nikatamani nimkamate nimtumbukize, Mungu anisamehe. Baba Neema akakohoa, akaanza, "Neema mwanangu, tumejaribu..." Neema hakugeuka. Alinyamaza tu, akangoja, kama mtu anayemngoja mgeni avue viatu.

Moshi akatoka tena. Akakizunguka kisanduku. Akaingia, akageuka, akakaa ubavuni kwa Pamba.

Tak.

Mama, kigelegele kilinianzia tumboni. Kilipanda, kikafika kooni, na Neema bila hata kunitazama akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mtoto wa Kariakoo, "Dada Zai, kimeze hicho!" Nikajaza khanga mdomoni. Machozi yakanitoka. Nilikibeba kisanduku mpaka stoo nimebana pumzi, nikakaa nao pale kwenye saruji baridi, masikio ya Moshi yakarudi rangi yake. Nikamsikia Baba Neema kule nje akisema, "Basi. Hawaendi Lushoto." Halafu nikasikia kigelegele uani. Kirefu, safi, hakina mbuzi hata kidogo. Ni Neema! Majirani wakapiga hodi kuuliza posa imetoka wapi, na yule mtoto aliyekuwa haongei akawakaribisha ndani na kuwasimulia mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Mama, kuhusu Somoe. Usimkokote kwenda shule, na usimgombeze. Msindikize tu. Akifika kwenye ule mti wa njiani, mpe kipande cha kashata. Kesho yake akifika mlangoni mwa darasa, mpe tena. Akirudi nyuma, nyamaza, najua ni kazi ngumu kwako kama ilivyo kwangu. Nimetia zabibu kavu ndani ya kifurushi kilichokuja na barua hii, na Issa asizimalize njiani. Wala msiwaambie watu kwamba nimemfundisha mwanangu kwa elimu ya chinchila.

Nisalimie mjomba mwenye korosho, shangazi fundi wa unyago umwambie kigelegele chake kimefika Kinondoni, na jirani yetu mama wa pacha anayekuazima kinu. Somoe mbusu mashavu yote mawili.

Lakini nina deni moja la moyoni. Wote walishangilia siku ile isipokuwa mie niliyekuwa stoo na wanyama, na nilipotoka moto ulikuwa umeshapoa. Kigelegele changu kimo humu kifuani mpaka leo, na nyumba hii, hata uani, siwezi kukitoa, maana changu kina nguvu kuliko cha Neema, Moshi atakikimbia kisanduku tena. Kwa hiyo Issa, weka barua chini, sogea pembeni. Mama, simama kama goti linakubali, unipigie wewe. Kipige kwa nguvu zako zote. Newala ni mbali, Moshi hatasikia.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Zainabu