Sufuria Nyepesi ya Bwambale

Jumatatu, 4 Machi
Tumeyeyusha pistoni na sufuria zilizotoboka tangu asubuhi. Bwambale, shemeji yangu, anapuliza moto, mimi namimina. Akaingia kijana kutoka Kampala, viatu vyeupe, kwenye karakana yetu ya kusubu sufuria. Anasema amekuja kuokoa ufundi wetu. Hakuna aliyemwita.

Alhamisi, 7 Machi
Ukumbi wa parokia, Kinyamaseke. Somo la kijana linaitwa fikra za ubunifu. Tumebandika vikaratasi vya rangi ukutani kama watoto wa chekechea. Tujifanye wateja, anasema. Upuuzi. Bwambale alibandika vingi kuliko wote, anacheka peke yake.

Jumanne, 12 Machi
Leo kijana ametupeleka soko la mpakani, tusikilize wanunuzi. Nilifuata soda tu. Mama Kavira wa Kasindi, upande wa Kongo, mteja wangu tangu marehemu mume wangu alipokuwa hai, akasema mbele ya wote:
“Masika, sufuria yako iko nguvu, lakini iko muzito. Mukono inaniuma. Siku hizi nanunua ile ya Chine.”
Kijana akaandika haraka. Nilimchukia. Kavira nilimchukia zaidi.

Ijumaa, 15 Machi
Kijana kachora sufuria nyembamba, masikio ya mbao. Bwambale anataka kuijaribu. Nikamwambia kwenye karakana aliyoiacha kaka yake hakuna atakayesubu takataka ile.
“Kaka alikufa, shemeji. Wewe unachunga karakana ama kaburi?”
Alibeba fremu zake za mchanga wa kumiminia akaenda kuanzisha yake, njia ya Karambi. Aende.

Alhamisi, 21 Machi
Nasikia sufuria zote za Bwambale zinatoka na matundu. Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo, nimefurahi sana.
Kijana karudi Kampala na picha zake. Hakungoja hata sufuria moja isimame. Mtu bure kabisa.

Jumanne, 26 Machi
Soko. Kavira kapita meza yangu bila kugeuza shingo. Sijauza kitu. Nitapulizaje moto na kumimina peke yangu?

Jumamosi, 30 Machi
Nilikwenda kwa Bwambale. Sikumsalimu. Nilisimama nikatazama anavyomimina, taratibu, kama anamwagilia maua. Aibu.
“Inaganda kabla ya kufika chini,” nikasema. “Ukuta mwembamba unataka moto mkali na mkono wa haraka. Toka hapo.”
Akatoka. Nikamimina mimi. Tulipovunja mchanga, sufuria ilikuwa nzima. Mbaya ya sura, lakini nzima. Bwambale alitaka kunishukuru, nikamwambia apulize moto, ziko fremu nyingine.

Jumapili, 31 Machi
Baada ya ibada nimepika maharage ndani ya sufuria ile. Yameiva sawasawa. Mvua nje, nyumba kimya. Nimeipua kwa mkono mmoja, imejaa, nikaiweka mezani.