Plagi Nne Zenye Alama

Jumapili, 7 Machi 1999
Nimekagua kazi ya fundi tena, kama kawaida. Nilifungua plagi mpya za injini alizotia Mutisya wiki iliyopita. Alama niliyokwaruza kwa msumari kabla ya kumpa ipo kwa zote nne. Safari hii hakuniibia. Nikazipanga juu ya gunia pamoja na zile kuukuu alizonirudishia kwenye pakiti, nione tofauti. Gari linakula oili, zote zimekuwa nyeusi. Mvua ikaanza, nikarudisha haraka haraka, pakiti nikaisukuma chini ya kiti. Mke wangu, Mama Ndunge, anasema fundi akishalipwa aachiwe kazi yake. Wanawake hawajui mafundi.

Jumatatu, 8 Machi
Pikapu inakohoa. Labda maji ya jana.

Jumanne, 9 Machi
Nimeliacha gari kwa Mutisya mchana kutwa. Bomba la moshi lichomelewe.

Jumatano, 10 Machi
Gari limezima karibu na Isinya, magunia ishirini ya chakula cha kuku nyuma. Nikafungua plagi. Hakuna alama. Hata moja. Jana alikuwa na gari langu siku nzima. Miaka saba namwita ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimevutwa kwa kamba hadi Kitengela na kila mtu akitazama. Kesho atanijua.

Alhamisi, 11 Machi
Nilimkuta Mutisya asubuhi gereji, anakunywa chai kwa mama anayeuza pale. Sikumsalimia. Ngumi ya mdomo, chai ikamwagikia kifua. Akasema, "Baba Ndunge, si uangalie kwanza." Nikampiga tena. Nikapiga kelele: mwizi.

Watu wakaja kama nzige. Wengine walikuwa na sukuma wiki mkononi, hawakumjua wala hawakuniuliza kitu. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Mmoja akaokota spana ya Mutisya mwenyewe akampiga nayo mkono wa kulia. Nilisikia mfupa. Na mimi nilimpiga mateke mawili akiwa chini. Niandike ukweli: nilisikia raha.

Halafu tairi ikaletwa, na mafuta ya taa. Sikusema acheni. Ni mama wa chai aliyebeba sufuria ikichemka akammwagia yule mwenye mafuta. Akaanguka akilia. Mama akasimama juu ya Mutisya, akasema, "Mtachoma sisi wawili." Wakatawanyika. Mutisya amepelekwa hospitali Kajiado.

Ijumaa, 12 Machi
Vidole vimevimba, kalamu inauma. Watu watatu wamenipongeza barabarani. Mama Ndunge ameniwekea chakula akaenda kula jikoni na watoto. Shauri yake. Kuanzia sasa nitatengeneza gari mwenyewe. Sitaki fundi tena.

Jumamosi, 13 Machi
Nilitaka kuona kama kuna plagi kuukuu inayofaa kidogo. Nikatoa ile pakiti chini ya kiti. Alama. Zote nne.

Ni mimi. Mvua, gunia, haraka. Nilirudisha kuukuu kwa mikono yangu na mpya nikazitia kwenye pakiti.

Nikachukua chuma cha jeki nikapiga kioo cha mbele, taa, boneti, mpaka mikono ikatoka damu. Jirani alichungulia. Nikamwambia nitampasua na yeye. Akafunga mlango.

Jumapili, 14 Machi
Nimeenda hospitali Kajiado. Jicho moja la Mutisya limefumba kwa uvimbe. Mkono uko kwenye plasta hadi begani, daktari hajui kama vidole vitashika tena. Mkewe alitaka kunitoa, Mutisya akamzuia. Nilimweleza yote, nikamwonyesha plagi. Hakuzishika. Akauliza, "Umeambia wale watu?" Nikasema bado. Akasema, "Basi hujaniambia kitu," akageukia ukuta.

Naogopa. Hao watu nawajua sasa.

Jumatatu, 15 Machi
Nilisimama gereji saa nne, wakati watu wamejaa. Nikasema Mutisya si mwizi, plagi ninazo, makosa ni yangu. Ikabidi niseme mara mbili kwa sababu mashine ya kuchomelea ilikuwa inanguruma. Wawili niliowaona wakirusha mawe walikuwa hapo. Nilijiandaa kupigwa. Nilitaka hata wanipige.

Mmoja akasema, "Makosa hutokea, mzee." Wakarudi kazini. Mama wa chai alikuwa anaosha vikombe. Nikamwomba chai, akaendelea kuosha.